Namna ya kushughulikia kauli ya "kila mtu na ukweli wake"

Kauli ya "kila mtu na ukweli wake" husikika sana hapa Mwanza, kijiweni na hata kwenye vikao vya familia, na mara nyingi huzima ubishi ambao bado ulikuwa na njia ya kuamuliwa. Ukiisikia, usiikubali wala kuikataa papo hapo.

Anza kwa kulikamilisha swali. Mtu wa Mwanza atakuambia kwamba ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni Victoria, wa Kigoma atasema ni Tanganyika, na msikilizaji atadhani kila mmoja anavutia kwao. Waulize, "Kubwa kwa kipi?" Kwa eneo, Victoria lenye takribani kilomita za mraba 68,800 ndilo kubwa, kwa kina na wingi wa maji, Tanganyika, ambalo kina chake kinazidi mita 1,400 ilhali letu halifiki hata mita 100, linatuacha mbali. Majibu yote mawili ni kweli kwa Mmwanza na kwa Mkigoma vilevile, kwa kuwa ni majibu ya maswali mawili.

Swali likishakamilika, tafuteni kipimo kisicho cha upande wowote. Siku moja nilinunua gunia la dagaa kwenye soko la ufukweni. Mizani ya muuzaji ilisoma kilo 31, ya jirani yake ikasoma 28. Mama muuzaji akacheka: "Baba, kila mizani na ukweli wake." Tuliazima dukani mfuko wa unga wa kilo 25 ambao haujafunguliwa, tukauning'iniza kwenye mizani zote mbili. Ya jirani ilisoma 25, ya mama ikasoma 28, na mfuko ulipotolewa mshale wake uligoma kwenye 3 badala ya kurudi kwenye sifuri. Sikumwita mwongo, kwa sababu aliamini kwa dhati alichokisoma. Ila dhati yake haikuongeza hata dagaa mmoja ndani ya gunia. Alirekebisha mshale, nikalipia kilo 28.

Mambo ya ladha, kama sato na sangara nani mtamu, yaacheni yaliwe. Ya dini yanataka adabu zaidi, lakini adabu si sawa na kukubaliana: watu wawili wanaopingana juu ya jambo lile lile, kwa maana ile ile, hawawezi kuwa sahihi wote, hata kama hakuna mizani ya kuwaamulia hapa sokoni. Na anayeshikilia kwamba hakuna ukweli ila imani, muulize kwa upole kama hilo nalo ni kweli kwa wote au ni imani yake tu. Jibu lolote atakalotoa litampa kazi.

Hatua ngumu zaidi, na ambayo wengi huiruka, ni kutenganisha kuamini jambo la kweli na kulijua. Mwaka 1858 Speke, mvumbuzi Mwingereza, alifika kwenye mwambao huu wa Mwanza, akalitazama ziwa, akatangaza kwamba chanzo cha Nile ndicho hiki. Burton, kiongozi wa msafara wao, aliyebaki Tabora, hakukubali, na kwa ushahidi uliokuwapo wakati huo alikuwa na haki ya kushuku, kwani mwenzake alikuwa ameona sehemu ndogo tu ya kusini. Ubishi wao uliendelea hata baada ya Speke kufa mwaka 1864. Machi 1875 mvumbuzi mwingine, Stanley, aliondoka kwa mashua kutoka Kageye, mashariki ya Mwanza, akalizunguka ziwa na kuthibitisha kwamba ni moja, na kwamba maji yake hutokea kaskazini. Maji hayo yalikuwa yakienda huko muda wote, Burton akiamini asiamini. Kilichokosekana ni mtu wa kuzunguka.

Kwa hiyo mkikwama, badala ya kuagana kila mtu na ukweli wake, semeni "bado hatujajua", kisha kila mmoja ataje ni kitu gani akikiona atabadili msimamo. Asiyeweza kukitaja, msimsumbue kwa ushahidi mwingine siku hiyo.