Kusanifu khanga kwa kuchora robo moja
Unapowafundisha watoto wa darasa la nne au la tano kusanifu khanga, waelekeze wakunje karatasi ipate robo nne, waifungue, wachore pindo (mapambo ya ukingoni) na mji (sehemu ya katikati ya khanga) katika robo moja tu kwa mkaa au penseli laini ya 6B, kisha waikunje nusu, mchoro ukiwa ndani, na kusugua mgongoni kwa kijiko. Unga wa mkaa huhamia robo ya jirani, hivyo mapambo hulingana bila rula, jambo linalowapa moyo hasa watoto wanaoamini kwamba hawajui kuchora. Wakoleze mistari kabla ya kukunja upande wa pili. Penseli ya HB haiachi alama ya kutosha, na jina la khanga, yaani msemo wake, liandikwe mwishoni, kwa kuwa herufi zikihamishwa hutokea kinyume.