Namna ya kumhesabia pumzi mtoto mwenye kikohozi

Mzazi akiniletea mtoto anayekohoa, sianzi na kifaa cha kusikilizia kifua. Namwomba ampakate, amfungue nguo, kisha nanyamaza dakika nzima nikitazama tumbo. Nahesabu pumzi. Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, hata usiku wa manane, mradi una saa.

Kwanza mtoto atulie. Akiwa analia au ananyonya, hesabu ni bure. Usingizini ndiyo nafasi nzuri zaidi. Washa taa, pandisha nguo mpaka kifua na tumbo vionekane. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu sekunde 60 kamili, usihesabu 15 ukazidisha kwa nne. Watoto wadogo hupumua mbiombio, wakatua kidogo, wakaanza tena, kwa hiyo kipande cha dakika hudanganya. Nilipokuwa bado kwenye mafunzo kwa vitendo nilitumia njia hiyo ya mkato kwa mtoto wa miezi minne. Nikapata 44, nikamruhusu mama aende nyumbani. Muuguzi mmoja mzoefu akamzuia mlangoni, akahesabu dakika kamili, akapata 58. Ilikuwa nimonia, akalazwa. Uso wa mama yule ninao mpaka leo.

Mipaka ya Shirika la Afya Duniani ni hii: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno, miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50, mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, 40. Kichanga wa chini ya miezi 2 akifika 60, hesabu mara ya pili papo hapo, zikijirudia, ondokeni kwenda hospitali. Homa huongeza kasi kidogo, lakini usiifanye kisingizio cha kungoja asubuhi.

Kisha tazama pale mbavu zinapoishia. Pakibonyea ndani kila anapovuta pumzi, mpeleke hospitali, hata kama hesabu haijafika mpakani. Mtoto aliyechoka sana huweza kupunguza kasi, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mpeleke vivyo hivyo akiguna kila anapotoa pumzi, au midomo ikigeuka rangi ya bluu.

Na kama hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au haamki ukimwamsha, usihesabu chochote. Nenda.

Andika unachokipata, pamoja na saa, na kama alikuwa macho au amelala. Karatasi yenye “saa 4 usiku, 42, amelala, saa 8 usiku, 54, amelala” hunieleza mengi kuliko “anapumua vibaya”, maana naona ugonjwa unaelekea wapi. Ukiweza, mrekodi pia kifua kwa simu, nusu dakika yatosha.

Ukifika, mwombe daktari ahesabu mbele yako. Si utovu wa adabu hata kidogo. Mimi huwaomba wazazi tuhesabu pamoja, kila mtu kimyakimya, halafu tulinganishe. Tukipishana pumzi mbili tatu, si neno. Tukipishana kumi, tunaanza upya.