Somo: kufundisha historia ya wahamiaji wa Marekani kwa orodha za meli za Ellis Island

Walimu wenzangu, hii mada ukiianza na mamilioni na asilimia darasa limeshalala. Anza na mtu mmoja. Mi huanza na Annie Moore, binti wa Ireland aliyepita wa kwanza Ellis Island, New York, kituo cha kupokea wahamiaji kilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1892, hao mamilioni 12 na zaidi waliopita pale watakuja wenyewe.

1. Tovuti ya wakfu wa Statue of Liberty–Ellis Island ina orodha za abiria, unafungua akaunti bure unatafuta jina. Tafuta we mwenyewe nyumbani, ukiwaachia wanafunzi kipindi kinaisha wako kwenye jina la kwanza.

2. Hapa ndo penyewe. Ziba majina, wasome vichwa vya safu tu. Chukua orodha za kuanzia 1907 hivi: nauli kalipa nani, una dola ngapi mkononi, ushawahi kufungwa, una wake wengi (hapo watacheka, waache), unapinga kuwepo kwa serikali. Halafu uliza, sasa aliyetunga haya maswali alikuwa anamuogopa nani? Mjadala utakaotoka hapo huupati kwenye notsi.

3. Picha za Ellis Island za mpiga picha Lewis Hine ziko New York Public Library, nyingine za daktari anapindua kope kutafuta trakoma (ugonjwa wa macho unaoambukiza) zipo Library of Congress, mgonjwa alichorwa chaki kwenye koti.

4. Malizia na Angel Island, kituo cha wahamiaji cha San Francisco, 1910 hadi 1940. Vibarua wa Kichina walishapigwa marufuku kwa sheria ya 1882, kwa hiyo wakati Ellis Island wengi walitoka ndani ya masaa, huku watu walikaa wiki hata miezi, wakachonga mashairi ukutani.

MASWALI

Mwalimu, shule yetu intaneti hakuna kabisa?
Daunilodi kurasa tatu nne, print. Projekta sio lazima.

Eti ni kweli makarani wa pale walikuwa wanawabadilishia watu majina?
Hapana, japo kila mtu anaisimulia. Orodha iliandikwa na kampuni ya meli huko walikopandia, karani wa Ellis Island alikuwa anahakiki tu. Wengi walibadili wenyewe baadaye.

Na Waafrika waliopelekwa kwa minyororo tunawaweka wapi?
Kipindi chao peke yao ndugu yangu, usiwachanganye na waliokata tiketi. Ingia tovuti ya SlaveVoyages, kuna safari za meli za watumwa zaidi ya 36,000, ila utakuta majina ya meli na manahodha, ya waliobebwa ni machache mno. Wape wanafunzi waweke ile orodha ya Ellis Island pembeni wailinganishe.