Kabla seva haijazima: mambo ya kuzingatia kwa wenye biashara Kigoma

Anza na karatasi na kalamu, vifaa baadaye. Mwenye mali ajibu mwenyewe maswali mawili, asimwachie fundi. Mauzo ya muda gani yakipotea tunaweza kuyaandika upya kwa mkono? Na tutavumilia saa ngapi bila kompyuta? Duka la vipuri pale Mwanga litarudishia mauzo ya siku nzima kutoka kwenye vitabu vya risiti. Famasi ya jumla inayokopesha maduka ya Kasulu na Uvinza haiwezi, maana deni lisiloandikwa popote hakuna wa kulikumbuka isipokuwa wewe. Bajeti yako yote inatoka kwenye majibu hayo.

Umeme: weka UPS, yaani betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika, kwenye seva (kompyuta kuu inayotunza data ya biashara) na rauta. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa ghafla na kuiangusha. Betri ya UPS huanza kuchoka baada ya miaka 3 hivi, na kwenye chumba cha joto huwahi zaidi. Mara moja kwa mwezi, baada ya kufunga hesabu, chomoa plagi ukutani uone inashika dakika ngapi. Usisubiri TANESCO wakufanyie jaribio hilo saa nne asubuhi foleni ikiwa ndefu.

Radi za huku kila mtu anazijua, lakini wengi hununua soketi ya kinga wakadhani wamemaliza. Kinga hufanya kazi kwa kuumwaga umeme ardhini. Kama jengo halina nondo ya ethi iliyozikwa vizuri, umenunua pambo. Tena radi haipiti kwenye waya wa umeme peke yake. Waya wa mtandao unaotoka dukani kwenda stoo ya jirani, au ule wa antena juu ya paa, unaileta mpaka kwenye swichi ya mtandao na seva. Kati ya jengo na jengo tumia faiba, waya wa kioo usiopitisha umeme. Walioko karibu na ufukwe wapandishe seva juu ya meza, Ziwa Tanganyika huwa linapanda.

Sasa bakapu, yaani nakala za akiba za data yako. Kanuni inajulikana: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Kinachosahaulika ni kwamba nakala iliyounganishwa muda wote inakufa pamoja na data yenyewe. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva zinakusaidia diski moja ikiungua, basi. Mhasibu akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye zote mbili papo hapo. Virusi vya kufunga mafaili vikiingia, vinafunga pia diski ya nje uliyoiacha imechomekwa usiku na mchana.

Kampuni ya meli ya Maersk iliyaona hayo Juni 2017, virusi vya NotPetya vilipoisambaratisha mitambo yake dunia nzima. Zile seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa takriban 150, kila moja ikiinakili nyenzake, kwa hesabu kwamba haziwezi kuanguka zote kwa siku moja. Zilianguka. Iliyosalimika ni moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ilikuwa nje ya mtandao! Halafu intaneti ya pale ikawa ya polepole mno kuituma data Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza. Ikabidi mmoja wao aruke hadi Nigeria kumkabidhi diski mwenzake, naye ndiye akaifikisha London.

Piga hesabu hiyo kwa biashara yako. Gigabaiti 200 zilizohifadhiwa mtandaoni, kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, zinashuka kwa karibu siku 4, na hapo intaneti haijayumba kama Mei 2024 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilipokatika. Kwa hiyo bakapu ya mtandaoni iwepo, ila uwe pia na diski mbili za nje za kupokezana: moja kazini leo, nyingine imelala nyumbani, kesho zinabadilishana. Zifunge kwa nywila. Majina na simu za wateja wako yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hata diski ikiibiwa kwenye bajaji.

Kisha jaribu kuirudisha hiyo bakapu. Chukua laptopu ambayo haijawahi kuwa na programu ya duka, angalia saa, sakinisha, rudisha bakapu ya jana, fungua deni la mteja mmoja ulinganishe na daftari. Hapo ndipo madudu yanapojitokeza: faili la toleo jipya la QuickBooks, programu ya uhasibu, halifunguki kwenye toleo la zamani, hifadhidata iliyonakiliwa programu ikiwa wazi imeharibika, kwa hiyo tumia amri ya bakapu ya programu yenyewe, faili lina kilobaiti 0 kwa kuwa diski ilijaa miezi mitatu iliyopita, leseni imefungwa kwenye mashine iliyoungua, nywila anaijua kijana aliyeshahamia Dodoma. Andika umechukua saa ngapi, ulinganishe na jibu lako la mwanzo. Rudia kila miezi mitatu.

Vipuri: kinachopatikana Kariakoo leo hakifiki Kigoma kesho. Weka kabatini rauta moja, chaja moja na diski moja mpya ya ukubwa ule ule. Namba za fundi, za mtoa intaneti na za muuzaji wa programu zichapishwe zibandikwe ukutani, kwa sababu simu nayo huzima. Mfanyakazi akiondoka, badilisha nywila siku hiyo hiyo. Vitabu vya risiti visikose. Na funguo ya chumba cha seva asiwe nayo mtu mmoja anayesafiri kila Ijumaa.