Namna ya Kukaa Kaunta ya Duka la Jumla Bila Kugombana na Wateja

Mteja wa jumla Kariakoo hana subira, kwa kuwa mara nyingi kirikuu kinamngoja nje na dereva anapiga honi. Kabla hujatoa risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, muulize kama anataka namba yake ya mlipakodi iandikwe, maana akikumbuka baadaye, foleni nzima itakulaumu wewe. Akilipa kwa simu, usiridhike na ujumbe anaokuonyesha, ambao ni rahisi kughushiwa. Subiri ule unaoingia kwenye simu ya duka, hata kama atanuna, na wengi hununa. Katoni zihesabiwe mbele yake kabla mchukuzi hajazigusa. Chenji, tatizo lisilokwisha, idai kwa msimamizi asubuhi, kabla milango haijafunguliwa.