Jinsi ya Kuchagua Vitabu Vilivyokukaa Moyoni Mwaka Huu

Kabla hujagusa rafu wala kufungua simu, chukua karatasi uandike vitabu vyote vya mwaka huu unavyovikumbuka. Usijali mpangilio. Jina la kitabu likigoma kuja, andika kilichobaki kichwani: "kile cha mapacha waliogombania kisima." Hivi ndivyo ninavyoanza kila mwisho wa mwaka, na orodha hii ya kwanza ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Kitabu kilichokuja bila kuitwa kimeshajitetea chenyewe.

Kumbukumbu ikishakauka kabisa, ndipo utafute ushahidi. Pitia rafu, vitabu ulivyopakua, rekodi za kuazima maktaba, na ujumbe uliowatumia rafiki zako. Ujumbe usiudharau: mle ndimo mna maoni yako halisi, yaliyoandikwa usiku wa manane kitabu kikiwa bado cha moto. Kumbuka pia ulivyoazimisha ambavyo havijarudi. Kuna watu hawavihesabu kwa sababu tu havipo machoni, na mara nyingi hivyo ndivyo walivyovipenda hata wakashindwa kukaa navyo peke yao.

Vitabu vingi vya mwanzo wa mwaka vitaibuka hapa, na hapa pana jambo la kuzingatia. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijifanyia majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha aliyoyaona: usahaulifu huenda mbio sana mwanzoni, kisha mwendo wake hupungua. Basi kitabu cha Januari unachokikumbuka vizuri mwezi Desemba kimeshapita palipo pagumu. Ulichokimaliza wiki iliyopita bado hakijapimwa. Vya Desemba mimi huvihamishia kwenye orodha ya mwaka unaofuata, na sioni kama navidhulumu.

Suala la kipi kihesabiwe kitabu lisikuchoshe. UNESCO mwaka 1964 ilipendekeza, kwa ajili ya takwimu za uchapishaji, kwamba kitabu kiwe na kurasa zisizopungua 49 bila majalada. Kipimo hicho kinawafaa wanaohesabu vitabu. Wewe unatafuta ulivyovipenda, kwa hiyo diwani nyembamba, tamthilia na kitabu cha watoto ulichomsomea mwanao vyote viingie. Vya kusikiliza pia. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni nyembamba kiasi cha kupotea katikati ya vitabu vingine, lakini ilinichukua muda mrefu kuliko riwaya nene nyingi, kwa sababu kila nikifunga ukurasa nilijikuta naurudia.

Sasa anza kuchekecha. Maswali yangu ni mawili tu. La kwanza: kuna tukio ninaloliona waziwazi, bila kufungua kitabu? La pili: nimewahi kukitaja katika mazungumzo ambayo hayakuhusu vitabu kabisa?

Nieleze kwa mfano. Mwaka huu nilirudia *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999. Siasa za ukoloni zilizomo, mapambano ya akina Denge wanaopigania uhuru, mbinu za makachero, hayo yote niliyafurahia. Lakini kinachonirudia nikiwa naosha vyombo ni Mwajuma. Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mume mtu mzima ambaye yeye hamtaki, ametoroka, watu wake wenyewe wamemkataa, na Mwajuma anampokea. Hana mali, hana cheo, ana chumba chake na moyo mkunjufu. Baadaye rafiki yangu aliponiambia kwamba ndugu yake amekimbia nyumba ya mumewe na hajui pa kumweka, neno la kwanza kunitoka lilikuwa jina la Mwajuma. Hapo nilijua kitabu hiki kitaingia kwenye orodha, hata kabla mwaka haujafika nusu.

Kitabu kikishindwa maswali yote mawili, hata kama ulikisifu siku ulipokimaliza, kipe nafasi moja ya mwisho: fungua popote usome ukurasa mmoja. Ukitamani wa pili, kibakize. Usipotamani, kitoe bila kuona haya. Sifa za magazeti na tuzo zisikuamulie. Aliyetoa tuzo hakuwa amekaa na wewe ulipokuwa unasoma.

Usilazimishe kumi. Mwaka mwingine hutoa vitatu, na vitatu vya kweli ni bora kuliko kumi ambavyo saba umevijazia. Kuvipanga cha kwanza mpaka cha mwisho sikupendekezi kabisa. Shairi na wasifu wa mwanasiasa utavishindanisha kwa lipi?

Kazi yenyewe ni kuandika. Kila kitabu kipe sentensi mbili au tatu, na ujikataze maneno "kina mafunzo mengi". Hayo yanaweza kusemwa juu ya kitabu chochote. Usisimulie kisa pia, kwani muhtasari utaupata popote. Andika ulikuwa wapi kimaisha ulipokisoma, tukio gani limebaki, na ungempa nani akisome. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana, maana ukimwandikia mtu unayemjua, lugha yako hunyooka yenyewe: "Dada, hiki kisome kabla hujamjibu shangazi."

Ulivyoviacha njiani viandike upande wa pili wa karatasi, pamoja na ukurasa ulipoishia. Baadhi utavirudia ukiwa mtu mwingine.

Kwa mwaka unaokuja, anza daftari mapema. Charles Darwin aliweka madaftari ya vitabu alivyosoma na alivyokusudia kusoma kuanzia mwaka 1838 hadi 1860, na maandishi yake mengi mle ni mafupi mno: jina, pengine neno moja la hukumu. Nawe huhitaji zaidi. Andika jina la kitabu, mwezi, na sentensi moja, ukiwa bado hujakirudisha rafuni. Kisha karatasi ya mwaka huu ikunje uibandike ndani ya jalada la daftari hilo, ili Desemba ijayo uweze kuzisoma orodha mbili kwa pamoja na kuona nani kati ya wahusika wa mwaka huu bado anakuja bila kuitwa.