Namna ya Kusahihisha Kiingereza cha Tasnifu

Anayeandika tasnifu kwa Kiingereza huku akiifikiria kwa Kiswahili hakosei ovyo. Makosa yake mengi hutokana na sarufi ya Kiswahili na hujirudia, ndiyo maana ni afadhali kuipitia rasimu mara kadhaa, kila mara ukitafuta kosa la aina moja, kuliko kuisoma mara moja ukitarajia kuyaona yote.

Anza na sentensi ndefu, kwa kuwa ukizikata mengi mengine hubadilika. Tumia kompyuta kutafuta neno "whereby", ambalo wengi wetu huliweka popote ambapo Kiswahili kingesema "ambapo", ilhali Kiingereza rasmi hulitumia hasa kueleza utaratibu unaowezesha jambo kufanyika. Badala ya "The study was conducted in Mwanza whereby 120 farmers were interviewed", weka nukta baada ya Mwanza, kisha andika "A total of 120 farmers were interviewed". Tafuta pia "although" inayofuatwa na "but" katika sentensi ileile: kwetu "ingawa" na "lakini" huandamana bila shida, ila Kiingereza hutaka moja tu. Vilevile, koma peke yake haiunganishi sentensi mbili kamili.

Kazi ngumu zaidi ni "a" na "the", kwa sababu Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo. Kanuni moja itakusaidia kuliko nyingine zote: nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, kwa kawaida haisimami peke yake. Kila unapoiona, hakikisha imetanguliwa na "a", "the", "this", "each", "its" au neno la jinsi hiyo. Hivyo "Questionnaire was used to collect data" huwa "A questionnaire was used to collect data", na dodoso hilohilo likitajwa tena huwa "the questionnaire", kwa kuwa msomaji amekwisha kulijua. Kinyume chake, "information", "evidence" na "equipment" hayahesabiki, kwa hiyo hayachukui "a" wala "s" ya wingi. "Researches", ambayo imejaa katika tasnifu zetu, iandikwe "studies". Kuhusu "data", wapo wasimamizi wanaoitaka katika wingi na wapo wanaokubali umoja. Chagua kimoja, usichanganye.

Vihusishi havichukui muda mrefu. Vitenzi "discuss", "emphasise" na "request" hupokea yambwa, yaani kinachotendwa, moja kwa moja, bila "about", "on" wala "for", na "despite" haifuatwi na "of".

Njeo, yaani wakati wa kitenzi, inahitaji macho makali katika sura ya mbinu. Pendekezo la utafiti husema "data will be collected", na mwandishi anapolihamishia kwenye tasnifu, "will" husahaulika humo, hata ikaonekana kana kwamba utafiti bado haujafanyika. Tafuta kila "will" na uamue kama inastahili kubaki.

Baada ya sarufi, geukia uteuzi wa maneno. Mahojiano na watu wachache hayatoshi kubeba "prove", hivyo tumia "suggest" au "indicate". Neno "significant" litunzie matokeo ya vipimo vya takwimu, na kwingine sema "considerable" au "important". Pendelea "use" badala ya "utilise", kwani urefu wa neno hauongezi usomi.

Programu za kusahihisha zitumie mwishoni, nawe uamue juu ya kila pendekezo, kwa sababu zinaweza kurekebisha hata manukuu. Maneno ambayo mhojiwa aliyasema kwa Kiingereza yaache kama alivyoyasema. Ikiwa alizungumza Kiswahili nawe ukamtafsiri, Kiingereza hicho ni chako: kisahihishe huku ukikilinganisha na sauti uliyorekodi, ili usimpe maana ambayo hakuikusudia.